Kushukia San Pietro au Termini: siku moja Roma kutoka bandari ya Civitavecchia

Abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Civitavecchia na kwenda Roma kwa treni, bila kujiunga na ziara ya meli, ana vituo viwili vikuu vya kuchagua. San Pietro hufikiwa kwanza, na kutoka hapo Basilika la Mtakatifu Petro liko umbali mfupi kwa miguu; lakini anayetaka kuingia Makumbusho ya Vatikani akumbuke kwamba hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Termini, ambako safari huishia, huongeza zaidi ya dakika 20, ila hapo ndipo njia A na B za metro (treni za chini ya ardhi) zinapokutana, na Koloseo, uwanja wa kale wa Warumi, iko vituo viwili tu mbele. Kwa maoni yangu San Pietro ni chaguo salama zaidi, kwa sababu linalopasa kuogopwa ni kurudi: ziara ya meli yenyewe ikichelewa, meli huisubiri, lakini aliyekwenda peke yake hasubiriwi. Aliyechagua Termini apande treni inayotangulia ile anayodhani itamtosha. Tiketi ya karatasi, kwa vyovyote vile, igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda.