Snakebite Leather na makubadhi ya babu: uzoefu wangu

Snakebite Leather ni rangi ya kahawia ya Citadel, chapa ya rangi za kupakia visanamu vya michezo ya vita, ya aina ya Contrast, zile zilizoingia sokoni mwaka 2019. Naitumia kwenye visanamu vya milimita 28, na kwa kuwa kazi yake kwangu ni mikanda, buti na ala za panga, kichupa cha mililita 18 hakiishi.

Uzuri wake, inakudekeza. Unapaka mkono mmoja tu juu ya praima (rangi ya kutandikia) ya rangi ya maziwa, yenyewe inateremka kwenye mikunjo na kukolea huko, miinuko inabaki myepesi. Ikikauka, una ngozi. Ila ni ngozi mpya! Kapteni wangu, anayetakiwa kuonekana amekesha vitani, alionekana kama katoka kununua buti asubuhi ileile. Kuchakaza ni kazi ya mkono wako.

Nikachukua makubadhi ya marehemu babu, nikayaweka chini ya taa. Kingo za ukanda zimechubuka mpaka zimekuwa rangi ya biskuti. Pale kisigino kilipokuwa kikikaa, pana weusi unaong'aa, jasho la miaka. Mikwaruzo nayo haina mpango: mingine mifupi kama kope, mingine inakatana, na hakuna uliokolea sawasawa mwanzo hadi mwisho.

Nikaanza kuiga. Brashi yenye ncha kali (namba yake hainishughulishi sana), rangi ya pembe iliyochanganywa na tone la Snakebite Leather, vistari vifupi kwenye kingo, kwenye vidole vya buti na kuzunguka lile tundu la mkanda linaloshika bizimu. Mkanda wa kwanza nilijisahau, ukatoka punda milia. Dawa yake niliipata baadaye: ukishamaliza vistari, pitisha juu yake Snakebite Leather iliyozimuliwa sana, vizame ndani ya ngozi, halafu rudia vichache mno. Mkwaruzo mkubwa unataka mstari wa kahawia nzito na mwingine mweupe chini yake, hapo unaonekana umechimbika kweli.

Vanishi, isiyong'aa kote. Kisha nadondoshea inayong'aa kidogo pale tu panaposuguliwa na mkono au mguu.

Rangi hii naipa nyota nne, maana bei inauma. Makubadhi bado yako mezani. Mama kashauliza mara mbili yanafanya nini karibu na vikombe.