Bureti za koki ya Tefloni na pipeti zake: nimezipima, haya ndiyo majibu

Mimi ni fundi sanifu maabara katika sekondari moja wilayani Muheza. Mwezi wa pili tulipata fedha za vifaa vya titresheni (kupima nguvu ya kimiminika kwa kukidondoshea kingine mpaka vimalizane), mkuu wa shule akanituma Dar, nikarudi na bureti kumi za mililita 50 (mirija mirefu yenye vipimo, ya kudondoshea) na pipeti tano za mililita 25 (mirija ya kuvutia na kuhamisha kiasi kimoja tu). Zote za kiwanda kimoja, duka moja, risiti moja. Nimezitumia muhula mzima sasa. Bureti nazisifu kwa moyo wote. Pipeti zimenisikitisha.

Nianze na koki, kile kifungulio cha chini ya bureti, maana ndiyo iliyonifanya nilipe karibu mara mbili ya bei ya bureti za kawaida. Zile tulizozizoea zina koki ya kioo. Usipoipaka vaselini inavuja, ukiizidisha vaselini inateremka mpaka kwenye ncha na kuziba. Halafu kuna sodiamu haidroksaidi: ikilala humo usiku mmoja, inakula kioo na asubuhi koki imeng'ang'ania. Mwaka juzi, majuma mawili kabla ya mtihani wa vitendo, kijana wa kidato cha nne aliniita, "Madam, hii koki haizunguki." Kabla sijamfikia alishaikaza kwa nguvu, ikakatikia mkononi. Kiganja kilichanika, damu ikachuruzika juu ya meza. Tangu siku ile nilijiapiza sinunui tena koki ya kioo kwa ajili ya watoto.

Hii ya Tefloni, plastiki inayoteleza, haitaki mafuta ya aina yoyote. Upande wa pili ina nati ya plastiki. Ukiona unyevu unakaza kidogo tu, basi. Inazunguka laini kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuachia nusu tone: analiacha lining'inie kwenye ncha, analigusisha kwenye ukuta wa flaski, analisuuza ndani kwa maji kidogo. Mnaofundisha asidi hidrokloriki na sodiamu kaboneti kwa methili oranji, ile dawa ya kuonyesha mwisho kwa rangi, mnajua thamani ya hilo nusu tone. Njano inageuka chungwa, hapo ndipo pa kusimama, na tone zima mara nyingi linakurusha hadi kwenye waridi. Mkimaliza kazi legezeni ile nati kabla ya kuhifadhi, kwa sababu Tefloni ikibanwa muda mrefu inabonyea na kupoteza umbo.

Jambo jingine nililolipenda ni mstari mwembamba wa bluu kwenye mgongo mweupe wa bureti. Pale maji yanapoishia, ule mstari unaonekana kama ncha mbili zinazokutana, nawe unasoma palepale zinapogusana. Wanafunzi wangu walikuwa wanabishana, huyu anasoma 23.40, mwenzake 23.60, kumbe mmoja amesimama na mwingine ameinama. Bado nawasisitizia jicho liwe sawa na usawa wa maji, ila ubishi umepungua sana.

Sasa vipimo. Chombo kipya sikiamini kwa maandishi yake. Hizi zimeandikwa B (daraja la usahihi), 20 °C (joto zilikopimiwa), ±0.1, maana yake kiwanda kinaahidi kwamba kosa halitazidi sehemu moja ya kumi ya mililita. Nilizijaza maji yaliyokenekwa, nikaondoa kiputo cha hewa chini ya koki (msisahau hicho, kikitoka katikati ya kazi kinahesabika kama maji), nikaziacha wima dakika kumi kuona uvujaji. Kisha nikatoa mililita 25 kutoka kila moja ndani ya bika kavu lililokwisha kupimwa, nikapima uzito, mara tatu kwa kila bureti. Maji siku hiyo yalikuwa nyuzi 28. Kwa joto hilo mililita 25 zinatakiwa zisome gramu 24.88 kwenye mizani, si 25.00, maana maji ya moto ni mepesi na hewa nayo inayanyanyua kidogo. Naliandika hili kwa sababu mwalimu mwenzangu aliona 24.88 akataka turudishe mzigo mzima.

Bureti tisa zilinipa kati ya 24.84 na 24.93. Safi kabisa. Ya kumi ilitoa 24.71 mara zote tatu. Duka lilinibadilishia bila maneno, na mbadala wake ni mzima.

Kwenye pipeti mambo yalikuwa mengine. Nazo zimeandikwa B, ±0.06. Nilifuata utaratibu wote: kuvuta kwa mpira, kufuta ncha kwa nje, kushusha hadi alama, kuziacha zimwage zenyewe huku ncha imegusa ukuta, na lile tone la mwisho kuliacha humohumo bila kulipuliza. Tatu zilikaa ndani ya ahadi. Moja ilitoa gramu 24.61, nyingine 24.66. Hizo ni pungufu ya karibu asilimia moja kabla mtoto hajafungua hata koki ya bureti! Na alama yenyewe imechapwa kwa wino hafifu: baada ya kuosha kwa sabuni majuma machache, mduara wa mojawapo ulianza kutoka nikiusugua kwa kidole. Nilipopeleka malalamiko, muuzaji alinijibu, "Mama, hizo ni za shule tu, hazina shida." Za shule ndizo zenye shida zaidi, kwa sababu mtoto akipata jibu baya hawezi kujua kama amekosea yeye au pipeti. Hakuzibadilisha.

Kwa hiyo bureti hizi nunueni, mkizipima wenyewe kabla ya kuzigawa. Pipeti tafuteni kwingine, na mkague kwamba alama imechorwa ndani ya kioo, ukipitisha ukucha uisikie.

Zile mbili sijazitupa. Zina uhakika wa kukosea kiasi kilekile kila mara, hivyo nimezidisha uzito wake kwa 1.0048 nikapata ujazo wa kweli, nikabandika plasta shingoni: 24.73 na 24.78. Anayeishika mojawapo anaandika namba hiyo kwenye hesabu yake badala ya 25, na jibu linatoka sawa na la wenzake.