Anthropolojia na sosholojia, tofauti iko wapi hasa?

Watu wanazichanganya sana na siwalaumu, zote zinamsoma binadamu na jamii yake, ila namna ya kufanya kazi ndo inaachana. Mwangalie mwanaanthropolojia Malinowski, kati ya 1915 na 1918 alikaa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, kapiga hema kijijini, kajifunza lugha yao, anaona wanavyolima viazi vikuu, wanavyogombana, wanavyopelekeana mikufu ya makombe kisiwa hadi kisiwa, hiyo ndo anthropolojia. Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, yeye 1897 alichambua takwimu za watu waliojiua Ulaya, akitaka kujua kwanini Waprotestanti wanazidi Wakatoliki. Sosholojia inapenda namba na madodoso. Siku hizi wanaazimana mbinu kweli, lakini mi ningeenda anthropolojia, napenda kumsikia mtu mwenyewe akieleza.