Mchango wa wodi ya watoto Pemba: mitungi au mashine ya oksijeni?

Mtungi haujali umeme ukikatika. Lakini gharama yake haiishi: ukimalizika unataka kujazwa tena, na kama hujazwa nje ya kisiwa, bahari ikichafuka hukwama huku mtoto mwenye nimonia akihangaika kupumua. Hilo linaniuma sana.

Mashine huchuja oksijeni kutoka hewani; ya lita 10 kwa dakika huweza kugawiwa watoto kadhaa. Bei ya mwanzo ni kubwa, na inataka umeme, ambao Pemba huupata kwa kebo ya baharini kutoka Tanga tangu 2010. Vichujio lazima visafishwe mara kwa mara. Wachangishaji, tengeni na fungu la fundi na vipuri!

Wodi yenye jenereta, changieni mashine, mtungi ubaki wa akiba. Kituo ambacho umeme wake ni wa kubahatisha, mitungi kwanza.