Misimu miwili na trela la hema: uzito uliowekwa upande usiofaa

Kwa misimu miwili nimekuwa nikivuta trela la hema nyuma ya gari la familia. Ni lile linalosafiri likiwa sanduku fupi lenye paa gumu, na likifika kambini paa huinuliwa kwa winchi, vitanda viwili huvutwa nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, kisha turubai hutanda na kuwa kuta. Nililichagua kwa sababu zinazowavutia wengi. Likikunjwa halizidi kimo cha gari, kwa hiyo kioo cha ndani kinaendelea kuonyesha barabara ya nyuma, upepo wa pembeni haupati ukuta mpana wa kusukuma, na gari halinywi mafuta mengi kama linapovuta nyumba ya magurudumu yenye kimo kamili. Hayo yote niliyapata. Nilichokikosa ni utulivu barabarani, na baada ya kulipima trela hili kwa mizani na futikamba nimeridhika kwamba kosa kubwa lilifanywa na mchoraji wake, yaani aliyelibuni, ingawa upakiaji wangu nao ulilizidisha.

Safari mbili za kwanza zilikuwa fupi, na tangi la maji lilikuwa tupu. Safari ya tatu tulilijaza kabla ya kuondoka, tukaweka vyombo vya jikoni na jokofu dogo katika sanduku la nyuma kama kitabu cha maelekezo kinavyoonyesha, na tukaingia barabara kuu. Kwenye mteremko mrefu, tukiwa katika mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa, basi likatupita. Hewa inayotangulia gari kubwa ilisukuma mkia wa trela kando, kisha mvuto uliofuata ubavuni mwa basi ukaurudisha, na trela likaanza kuyumba. Mara ya kwanza liliyumba kidogo, mara ya pili zaidi, na mara ya tatu likaanza kuuburuta mkia wa gari lenyewe huku na huku hadi usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani pasipo kujaribu kuifuata kila pindo ya trela, na sikukanyaga breki. Mwendo uliposhuka hadi karibu kilomita 70, trela lilitulia lenyewe. Tulisimama pembeni kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Ningependa kila anayevuta trela aelewe kwa nini breki ya gari ni hatari katika dakika ile. Gari likipunguza mwendo ghafla, trela lililokwisha kuwa mshazari hulisukuma kutoka nyuma na ubavuni kwa wakati mmoja, na linaweza kulizungusha. Kinachosaidia ni kinyume chake, yaani kulivuta trela kwa nyuma ili linyooke. Anayemiliki trela lenye breki za umeme anaweza kukaza magurudumu ya trela peke yake kwa kidhibiti kilicho karibu na usukani. Langu lina breki za msukumo, ambazo hukaza pale tu trela linapolisukuma gari linalopunguza mwendo, kwa hiyo dereva hana namna ya kuzitumia wakati anapozihitaji zaidi. Hili pekee lingenifanya nichague trela jingine, kama ningalilijua kabla ya kununua.

Tuliporudi niliamua kupima. Kanuni inayotumika kwa matrela ya aina hii ni kwamba mkono wa kuvutia, yaani ule mhimili wa chuma unaoifikia ndoano ya gari, uikandamize ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ukipungua sana, mkia ndio unaotawala. Karatasi ya kiwanda ilisema kwamba trela tupu lina kilo 720 na kwamba mkono wake una kilo 78, hesabu ambayo ni takriban asilimia 11, na kwa hiyo haina lawama. Nilipakia kila kitu kama siku ile, nikaziba magurudumu yasijongee, nikahakikisha trela limelala sawa, kisha nikauweka mkono juu ya mizani ya kawaida ya kupimia watu. Ilionyesha kilo 45. Katika mizani ya magari trela zima lilikuwa na kilo 980. Tulikuwa tumesafiri na uzito wa mkono usiofika asilimia 5.

Hapo ndipo nilipotambaa chini ya trela na futikamba. Tangi la maji lina lita 80, na katikati yake pako mita 1.2 nyuma ya ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu, ilhali kutoka ekseli hadi ndoano ni mita 3.4. Zidisha 80 kwa 1.2, ugawanye kwa 3.4, utaona kwamba kulijaza tangi hilo kunauondolea mkono kilo 28. Sanduku la nyuma, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, lilikuwa na vitu vya kilo 60 umbali wa mita 1.5 nyuma ya ekseli, na hivyo likaondoa kilo nyingine 26. Gurudumu la akiba nalo limefungwa kwenye bampa ya nyuma kabisa. Mizigo tuliyoiweka sakafuni mbele ilirudisha kiasi, lakini haikutosha. Kwa maneno mengine, mchoraji alilisawazisha trela lisilo na maji, chakula wala vyombo, ambalo hakuna mtu husafiri nalo, kisha akaweka nafasi za kujaza vitu hivyo upande uleule unaoharibu mizani yake. Mtu anayefuata maelekezo kwa uaminifu ndiye anayejikuta hatarini, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Nimejifunza pia kwamba si uzito wa mkono tu unaohesabika. Vitu vizito vikiwa katika ncha mbili za trela, hata kama vinasawazishana, vinalifanya likianza kuzunguka liwe gumu kuzuilika, kwa hiyo mahali pema pa mzigo mzito ni karibu na ekseli na mbele yake kidogo. Mwendo nao una sehemu yake. Kila trela lina kasi ambayo chini yake mtikisiko hufa wenyewe na juu yake hukua, na upakiaji mbaya huishusha kasi hiyo hadi iingie katika mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Ndiyo maana safari zangu za polepole hazikunionya lolote.

Muuzaji nilipomweleza alipendekeza fimbo ya msuguano inayofungwa kati ya gari na mkono wa trela ili kupunguza kuyumba. Niliinunua na ninaitumia, na inasaidia magari makubwa yanapopita, lakini haibadilishi mahali uzito ulipo, na ni lazima niifungue kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali ili isipinde. Kuiuza kama tiba ya trela lililopangwa vibaya si haki.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa rahisi zaidi. Ninasafiri na tangi tupu na kujaza maji nikiwa nimekaribia kambi, na vile vitu vya kilo 60 vimehamia sakafuni, mbele kidogo ya ekseli. Nilipopima tena, trela lilikuwa na kilo 900 na mkono kilo 106, karibu asilimia 12, na bado niko ndani ya kilo 125 ambazo ndoano ya gari langu inaruhusu. Nilibadilisha pia kishikio cha ndoano kwa kingine cha chini zaidi, kwa sababu trela lilikuwa likisafiri pua juu, hali inayosogeza uzito nyuma. Matairi ninayajaza hadi shinikizo lililoandikwa ubavuni mwake, kwani tairi la trela likiwa laini hujipinda pembeni na kuongeza kuyumba. Magurudumu ni madogo na huzunguka mara nyingi zaidi kuliko ya gari, kwa hiyo kila kituo ninagusa vitovu vyake kuona kama beringi zimepata moto. Tangu hapo nimepitwa na malori mara nyingi bila trela kufanya zaidi ya kutikisika na kutulia. Gurudumu la akiba lingali bampani, kwa sababu sijapata namna ya kulifunga mbele itakayoniridhisha.

Kuhusu mengine nitasema kwa ufupi. Turubai ni zuri na mishono yake haijavuja, ila likikunjwa bichi na kuachwa siku mbili linaota ukungu, hivyo mvua ikikukuta wakati wa kuondoka ni lazima ulifungue tena nyumbani ulianike. Jeki za pembe zinatuliza sakafu tu, na hazifai kuinulia trela, jambo ambalo kibandiko kilichobandikwa juu yake kingepaswa kulisema kwa herufi kubwa zaidi.

Paa ni habari nyingine. Linainuliwa kwa waya mmoja wa chuma unaotoka kwenye winchi, ukapita chini ya sakafu kwenye kapi, kisha ukagawanyika kuelekea nguzo nne za pembeni. Mahali unapogawanyika pamefunikwa na bati lililopigwa riveti, kwa hiyo mwenye trela hawezi kuona kama nyuzi zake zimeanza kukatika. Msimu huu nguzo moja ilianza kupanda nyuma ya nyingine tatu. Nilimwita fundi akatoboa riveti, na tukakuta nyuzi kadhaa zimekatika pale waya unapopinda kwenye kapi iliyogoma kuzunguka. Chini ya paa hilo ndipo watoto hulala. Tumeweka waya mpya na kapi mpya, bati tumelirudisha kwa skrubu ili lifunguke, na sasa kila paa linapokuwa juu ninafunga vizuizi vya mbao kwenye nguzo mbili kabla ya mtu yeyote kuingia ndani. Nimekiandikia kiwanda barua yenye vipimo vyote na picha za waya uliokatika, nikiomba mambo mawili: waeleze kwenye kibao cha trela uzito wa mkono tangi likiwa limejaa, na waweke kifuniko kinachofunguka mahali pale kwenye matrela yanayofuata.