Maoni yangu kuhusu fenobabito kwa mbwa mwenye kifafa

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza huko mbele. Fenobabito ni vile vidonge ambavyo dokta wa mifugo akishajiridhisha kwamba mbwa ana kifafa mara nyingi ndo anaanza navyo. Ni dawa kongwe sana, binadamu wameitumia kwa kifafa tangu 1912 na mpaka leo haijatupwa. Bobi wangu anaitumia na nimeona tofauti kubwa, mwanzo kilikuwa kinampanda mara kwa mara tena usiku wa manane, sasa hivi unapita muda mrefu hakuna kitu, na hata kikimshika hakikai. Kwa hiyo dawa inafanya kazi. Ila naona watu wakiuliza wanauliza jina la dawa tu, wakishapata wanaona wamemaliza, na mi nasema hii dawa inategemea sana macho ya mwenye mbwa, yaani usipojua unachokiangalia hata dokta hawezi kukupangia dozi ya maana.

Kwanza uwe na uhakika kwamba ni degedege kweli. Degedege lile kubwa ukiliona halijifichi, mbwa anaanguka ubavu, miguu inakakamaa halafu inaanza kupiga kama anaogelea, taya zinagongana, mate yanatoka mapovu, anaweza kujikojolea au kujinyea, macho yako wazi lakini ukimuita hakusikii. Mara nyingi ni dakika moja au mbili hivi inaisha. Kabla yake wengine wanakuwa hawatulii, wanakuganda au wanaenda kujificha. Na baada yake ndo kuna kipindi ambacho watu wengi hawakitegemei, mbwa anazunguka zunguka, anagonga kuta kama haoni, ana njaa ya ajabu, na mwingine hamtambui hata mwenyewe, kipindi hicho kinaweza kuwa dakika chache au masaa kabisa. Sasa kuna degedege dogo, hilo ndo linawapita wengi, upande mmoja wa uso unacheza cheza, au mguu mmoja tu, au mbwa anang'ata hewa kama kuna inzi wakati hakuna kitu.

Vitu vinavyochanganya ni ndoto na kuzimia. Mbwa anayeota anatikisa miguu na kubweka chini chini, lakini ukimuita anaamka na kukuangalia. Anayezimia, ambayo mara nyingi ni mambo ya moyo, analegea mwili wote badala ya kukakamaa, mara nyingi baada ya kukimbia au kusisimka sana, halafu ananyanyuka haraka na akili zake timamu. Huyo ukimjazia fenobabito hujamsaidia kitu, na ndo maana video ya simu ina thamani kubwa kuliko maelezo yako yote ya mdomo. Rekodi, dokta akiiona atajua anachokishughulikia. Na kama mbwa hajawahi kuanguka halafu ghafla leo anatetemeka, fikiria sumu kwanza, sumu ya kuulia konokono, dawa za kuulia wadudu, chokoleti, au zile pipi na bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli (kitu cha utamu kinachowekwa badala ya sukari), hiyo zailitoli inashusha sukari ya mwili mpaka mbwa anaanguka. Hapo huhitaji vidonge vya kila siku, unahitaji hospitali sasa hivi na uende na pakiti ya alichokula.

Kile kifafa ambacho vipimo havionyeshi sababu kwa kawaida kinaanza mbwa akiwa na miezi 6 mpaka miaka 6, na kuna koo za mbwa zinazoonekana nacho zaidi, Border Collie, German Shepherd, Labrador, Beagle na wengineo. Akianza akiwa kichanga sana au mzee tayari, mwambie dokta atafute sababu nyingine kabla hamjakubaliana na jina la kifafa.

Haya turudi kwenye dawa. Sio kila mbwa aliyeanguka mara moja anaanzishiwa, madaktari wengi wanaanza pale anapoanguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au degedege likiwa refu sana, au yakifuatana siku moja. Inatolewa kila baada ya masaa 12, kwa uzito wa mbwa, na hayo masaa ni masaa kweli, weka alamu kwenye simu na nyumba nzima ijue nani anatoa asubuhi na nani jioni ili asikose wala asipewe mara mbili. Inachukua kama wiki mbili kiwango kwenye damu kutulia, kwa hiyo usianze kulalamika siku ya tatu kwamba haifanyi kazi. Na hizo siku za mwanzo mbwa anapepesuka, miguu ya nyuma inamsaliti, analala sana, inatisha kumuona hivyo lakini kwa wengi inapungua yenyewe. Kisichopungua ni njaa na kiu. Jamani njaa! Bobi anaomba chakula muda wote na usipopima anachokula ananenepa, na maji anayokunywa ni mengi mpaka lazima atolewe nje mara nyingi zaidi hata usiku.

Nyota niliyoizuia ni ya ini na vipimo. Hii dawa inalibebesha ini kazi kubwa, kwa hiyo damu inapimwa karibu wiki mbili baada ya kuanza, tena baada ya kila kubadilisha dozi, halafu angalau kila miezi 6, wanaangalia kiwango cha dawa na hali ya ini. Usiruke vipimo hivyo. Kwanza ini lenyewe linazoea kuivunja dawa haraka zaidi, hivyo dozi iliyotosha mwanzoni inaweza kuwa ndogo baadaye bila mtu yeyote kukosea, na pili kiwango kikipanda sana ini linaumia. Ukiona macho au ufizi una manjano, anatapika, hataki kula kabisa (na hii ni dawa inayoongeza njaa, kwa hiyo kukataa chakula ni dalili nzito), au ana homa na michubuko isiyoeleweka, usisubiri tarehe ya kipimo. Lakini pia usiikatishe mwenyewe kwa hofu! Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko yote ya nyuma, ikipunguzwa inapunguzwa pole pole na dokta ndo anasema.

Sasa hata ukiwa kwenye dawa nzuri siku itafika ataanguka, na hapo kazi ni yako. Angalia saa. Hiyo ndo namba moja, kwa sababu dakika moja ya degedege ukiwa umesimama pale utaapa ni kumi. Sogeza viti na vitu vigumu, muweke mbali na ngazi na maji, zima tivii na taa kali, usimshikilie kwa nguvu. Mkono mdomoni usitie, kijiko usitie, mbwa hamezi ulimi, atakachofanya ni kukung'ata bila kujua. Usimpe maji wala kidonge hapo hapo, atapaliwa. Mbwa wengine wa nyumbani watoe, maana wanaweza kumshambulia. Likipita dakika 5 halijaisha ni dharura, mwili unachemka na ubongo unaumia, ondoka naye huku umempigia dokta, njiani feni au dirisha wazi na kitambaa cha maji ya kawaida, sio barafu. Dharura pia ni kama linaisha halafu linaanza jingine kabla hajazinduka, na yakiwa mawili au zaidi ndani ya masaa 24 dokta ajue siku hiyo hiyo.

Ndo maana nawaambia muombe dokta awaandikie na dawa ya dharura ya kukaa nyumbani, diazepamu ya kuingiza nyuma au midazolamu ya puani, na awaonyeshe kwa vitendo. Mkumbushe kwamba mbwa yuko kwenye fenobabito, maana ini lake linaondoa diazepamu haraka na dozi mara nyingi inakuwa kubwa zaidi. Na hiyo diazepamu ya maji usiivute kwenye sirinji ya plastiki ukaiweka tayari kwa wiki nzima, plastiki inainyonya dawa, iache kwenye chupa yake ya kioo mbali na mwanga.

Mbwa mwenye ini bovu tayari, hii sio yake. Na wapo wasioitikia hata dozi ikiwa sawa, hapo dokta anaongeza au kubadilisha. Bromaidi ya potasiamu haichoshi ini lakini inachukua miezi kutulia na chumvi kwenye chakula ikibadilika nayo inabadilika, levetirasetamu ni nyepesi kwa ini ila ile ya kawaida ni kila masaa 8, sio kila mtu ataweza. Mi kwa Bobi nabaki na fenobabito. Nunua kabla hujabakiwa na vidonge vichache na ukisafiri beba vya ziada pamoja na karatasi ya dokta, maana nchi nyingi hii dawa inadhibitiwa na bila cheti hupewi hata kidonge kimoja.