TAHADHARI: kuna jamaa anauza kopi zilizoloweshwa chai anasema ni magazeti ya Mambo Leo ya 1923

Wadau wa magazeti ya zamani, nimetapeliwa na huyo mtu bado anauza, naomba msome hii kabla hamjatuma hela.

Anapiga picha magazeti juu ya mkeka, anasema kayakuta kwenye sanduku la marehemu babu yake. Mimi Mambo Leo za mwanzo nimezitafuta miaka, babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu na alikuwa akitusimulia mashairi na barua za wasomaji alizokuwa anasoma humo, so nilipoona toleo la kwanza kabisa la Januari 1923 hata usingizi sikupata. Tukapatana laki moja na themanini kwa nakala tatu, nikatuma kwa simu pamoja na ya kutolea, mzigo ukaja na basi.

Kufungua tu bahasha, harufu ya majani ya chai. Karatasi ina ukahawia ule ule kila mahali, wakati gazeti lililozeeka lenyewe huanza kuungua pembeni na katikati panabaki peupe kidogo. Kwenye jalada kuna tundu la mdudu, nikapitisha kucha, jamani hakuna tundu, ni picha ya tundu! Alama ya kutu ya pini nayo ipo, ila pini zenyewe mpya zinang'aa na zimebanwa pembeni ya hiyo kutu.

Yale ya kweli yalichapwa kwa herufi za madini ya risasi, zinakandamiza karatasi, ukipapasa nyuma ya ukurasa mara nyingi unasikia vinundu. Haya yangu laini kabisa, na ukiweka lenzi kwenye herufi nyeusi unaona vidoti vya njano na pinki na bluu, ambavyo ni vya printa ya kompyuta. Mwisho nikaenda kwa wakala wa jirani mwenye kile kitaa cha kukagulia noti, karatasi ikawaka bluu, na karatasi ya miaka ile haiwaki hivyo kwasababu dawa ya kung'arisha karatasi ilikuwa haijaanza kutumika.

Nilipomlalamikia akasema basi nikubadilishie, nikupe ya 1919. Mambo Leo ya 1919! Gazeti limeanza Januari 1923, lilitolewa Dar na idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika, 1919 lingetoka wapi? Nilipomwambia hivyo akanibloku.

Sa hivi kafungua akaunti nyingine, mkeka ule ule, na kaongeza Kiongozi, lile la Tanga enzi za Mjerumani, ambalo ni adimu zaidi na watu watalipa zaidi. Akikufuata mwambie akurekodie video anageuza kurasa, taa iwe imelala upande ili alama za herufi zionekane kwa nyuma, mimi nilimwomba akasema simu yake mbovu na nikakubali.

Nakala zote tatu ninazo, sijazitupa, aliyepo Dar akitaka kuja kuzishika na kuona lile tundu aniambie.